Nani Aoneshe, Nani Atazame: Maonesho ya Muda ya Makumbusho na Swali la Handeni na Korogwe

Habari za maonesho ya makumbusho huwafikia watu wengi zikiwa nusu nusu. Ikitangazwa kwamba sanaa za Tanzania zinaoneshwa Berlin, wapo wanaoelewa kwamba zimerudishwa, na wapo wanaodhani zimeuzwa. Anayerudi Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam na kukuta ukumbi umebadilishwa hujiuliza vile vya zamani vimepelekwa wapi. Mkazi wa Handeni au Korogwe ana swali zito zaidi. Vitu vya wazee wake vimo katika ghala za Dar es Salaam na Ulaya, maonesho ya kila aina yanaandaliwa kuvihusu, lakini ni nadra yeye kuitwa kuyatazama, sembuse kushiriki kuyaandaa.

Mkanganyiko huo una mizizi yake. Makumbusho makubwa ya sanaa siku hizi hujipima kwa wingi wa maonesho ya muda: haya ya miezi mitatu, yale ya mwaka mmoja, mengine ya msanii mmoja, mengine ya kazi zilizoazimwa kutoka nchi nyingine. Watetezi wake wanaona ndiyo uhai wa makumbusho. Wakosoaji wanaona fedha na nguvu zinaishia kwenye sherehe za ufunguzi. Uchambuzi huu unapanga usuli, unaeleza misimamo inayoshindana, kisha unaipima kwa kipimo cha wilaya mbili za Mkoa wa Tanga ambazo zimetoa vitu vingi vya kuoneshwa na hazina jengo kubwa la kuvionesha.

Kwa nini maonesho hubadilishwa

Sababu ya kwanza ni nafasi. Makumbusho yoyote makubwa huhifadhi vitu vingi mno kuliko yanavyoweza kuonesha. British Museum ya London ina vitu takriban milioni 8, na vinavyooneshwa kwa wakati mmoja ni kama 80,000, yaani asilimia moja. Vilivyobaki vimo ghalani. Maonesho ya muda ni mlango ambao baadhi ya vitu hivyo hutokea kwa zamu.

Ya pili ni uhai wa vitu vyenyewe. Nguo, karatasi, manyoya na rangi za asili hufifia kwa mwanga, na kilichofifia hakirudi. Wahifadhi wengi hushusha mwanga wa vitu hivyo hadi kiwango cha laksi 50, ambacho ni hafifu sana, na baada ya miezi kadhaa huvirudisha gizani vipumzike. Kwa hiyo kitu kilichotoweka ukumbini mara nyingi hakijauzwa wala kuibwa. Kimerudishwa ghalani ili wajukuu nao wakikute. Makumbusho yangeweka kibao kinachosema hivyo, nusu ya minong'ono ingekwisha.

Ya tatu ni watu na fedha. Maonesho ya hazina za Tutankhamun, farao wa Misri ya kale, yaliyofanyika British Museum mwaka 1972 yalitazamwa na zaidi ya watu milioni 1.6. Tangu hapo wakurugenzi wengi duniani wamejua kwamba jambo jipya lenye mwisho uliotangazwa huwatoa watu majumbani, ilhali kitu cha kudumu mtu husema atakiona siku nyingine, na siku hiyo haifiki.

Makumbusho ya Taifa la Tanzania yamepita katika hali zote hizi. Yalianzishwa mwaka 1934 kwa jina la Mfalme George V na kufunguliwa 1940. Yalipanuliwa baada ya Uhuru, kisha yakapewa sheria yake mwaka 1980. Leo yana vituo Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea, na kile cha Dar es Salaam kinaitwa Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, baada ya kuongezewa kumbi mpya kwa msaada wa Sweden. Kumbi hizo zilikusudiwa mambo yanayobadilika: michoro, picha, ngoma, tamthilia. Lakini msamiati wa makumbusho haukuenea kwa kasi ya majengo. Mwananchi wa kawaida analijua neno maonesho kutoka Sabasaba na Nanenane, mahali pa kuuza na kununua, kwa hiyo si ajabu akiuliza bei.

Aina za maonesho ya muda

Mtu akisema makumbusho yana maonesho mbalimbali, anaweza kuwa anazungumzia mambo matano yasiyofanana.

Aina ya kwanza ni maonesho makubwa ya kazi za kuazima. Mwaka 1994 Berlin na Munich zilionesha sanaa za uchongaji za Tanzania katika maonesho yaliyobeba pia jina la Kiswahili, Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Yalikusanya kazi kutoka makumbusho na watu binafsi, na yalibadili fikra za wataalamu wengi waliodhani Afrika Mashariki haina uchongaji wa maana ukiacha Wamakonde. Mwaka 2006 Nairobi ilipokea maonesho yaliyoitwa Hazina, yenye vitu vya Afrika Mashariki vilivyoazimwa kutoka British Museum. Wakenya waliviona, kisha vikarudi London.

Aina ya pili ni maonesho yanayotoka ghalani mwa makumbusho yenyewe. Haya ni nafuu zaidi, hayahitaji bima kubwa ya safari, na huwapa wahifadhi nafasi ya kuchunguza upya walicho nacho.

Aina ya tatu ni ya msanii mmoja au sanaa ya sasa. Hapa Tanga ina sehemu yake isiyotajwa mara nyingi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam na kuanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960. Maonesho ya Tingatinga yakiandaliwa bila mkonge yanakata hadithi katikati.

Aina ya nne ni maonesho ya kumbukumbu na hoja, ambamo swali lina uzito kuliko kitu. Mwaka 2021 Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yalionesha matokeo ya mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo. Orodha ilifikia zaidi ya vitu 32,000 katika taasisi 30, na sehemu ya maonesho ilikuwa makabati ya vioo yasiyo na kitu ndani.

Aina ya tano ni maonesho yanayosafiri. Nchini Uganda, mradi wa Travelling Testimonies wa Refugee Law Project ulipeleka kumbukumbu za vita katika maeneo kama Kitgum, Luwero, Kasese na Arua. Kila ulipofika ulipokea ushuhuda mpya na vitu vipya kutoka kwa waliokuja kutazama.

Aina hizi hazina uzito sawa wa gharama wala wa faida. Ugomvi mwingi kuhusu maonesho ya muda hutokana na watu kutetea aina moja huku wakishambulia nyingine bila kuitaja.

Yaliyotoka Handeni na Korogwe

Handeni ni nchi ya Wazigua, na zamani ilijumuisha pia Unguu, ambayo sehemu yake kubwa sasa iko Wilaya ya Kilindi iliyomegwa mwaka 2002. Korogwe iko kando ya Mto Pangani, mahali ambapo Wazigua, Wasambaa na Wabondei wamekutana kwa vizazi. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwanzoni mwa karne ya 20, na mkonge ukaleta watu kutoka kila pembe ya Tanganyika na nje yake.

Wakusanyaji walipita mapema. Msafiri Oscar Baumann alichapisha kitabu chake kuhusu Usambara na nchi jirani mwaka 1891. Mlowezi kutoka Austria, August Karasek, alikusanya vitu na habari za Wasambaa, na maandishi yake yalianza kuchapishwa Berlin mwaka 1911. Baadaye Hans Cory, naye mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya jamii wa serikali ya kikoloni, alikusanya vinyago vya udongo vilivyotumika katika jando na unyago. Mwaka 1944 alichapisha makala kuhusu vinyago vya Wanguu, na 1956 akatoa kitabu kizima juu ya vinyago vya namna hiyo nchini Tanganyika. Mkusanyiko wake ulikwenda kwenye makumbusho ya Dar es Salaam.

Vinyago hivyo vinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndivyo vinavyoonesha ugumu wa suala hili. Kimoja huweza kuenea kiganjani: mnyama, mtu, chombo cha nyumbani, au umbo ambalo mgeni hawezi kulitambua. Udongo wake mara nyingi haukuchomwa sawasawa kama wa chungu. Hupakwa vidoa vyeupe, vyekundu na vyeusi, na vingine huchomekwa manyoya au mbegu. Kungwi hukitoa, huimba wimbo wake, wali huitikia, kisha maana hufafanuliwa: wajibu wa mume na mke, heshima kwa wakwe, hatari ya uvivu au ya kusema hovyo. Bila wimbo, kinyago ni bonge la udongo lenye madoa. Na shughuli ikiisha, vingi vilivunjwa au kufichwa.

Kuna pia vitu vya mti. Mwana hiti, kitoto cha mbao ambacho mwali alipewa wakati wa kuwekwa ndani, kinajulikana kwa Wazaramo, Wakwere na majirani zao hadi Uzigua. Tunguri za waganga wa kaskazini mashariki zina vizibo vilivyochongwa kichwa cha mtu, shingo ndefu ikizama katika mdomo wa kibuyu. Hivi ndivyo wapenda sanaa wa Ulaya wanavyovisifu zaidi, kwa sababu vinasimama vizuri kabatini na havihitaji wimbo.

Msimamo wa kwanza: maonesho makubwa yabaki mji mkuu wa biashara

Watetezi wa msimamo huu wanasema Dar es Salaam ndiko kuliko na kumbi, walinzi, umeme wa akiba, wataalamu na watazamaji. Wanaoazimisha kazi kutoka nje huweka masharti ya joto, unyevu na ulinzi ambayo hayawezi kutimizwa katika ukumbi wa halmashauri. Tena maonesho makubwa hujenga ushirikiano. Mwishoni mwa 2024 Humboldt Forum ya Berlin ilifungua maonesho kuhusu historia za Tanzania, yaliyoandaliwa na wataalamu wa Ujerumani pamoja na wa Tanzania, Makumbusho ya Taifa yakiwa mshirika. Ushirikiano wa namna hiyo huwapa wahifadhi wetu ujuzi, picha na nyaraka ambazo wasingezipata wakiwa peke yao.

Nguvu ya hoja hii ni ya kweli. Udhaifu wake uko mahali pawili. Kwanza ni umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Korogwe ni karibu kilomita 300. Wa Handeni anaanza na kilomita 54 za kufika Mkata kwenye barabara kuu, au 65 za kutokea Korogwe. Nauli ya familia, malazi na siku za shamba zinazopotea humfanya mkulima aache, hata kama kiingilio ni kidogo. Pili, ulinzi wa mjini nao si ngao kamili. Mwaka 1984 vitu 17 viliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kimojawapo, kinyago cha Kimakonde, kilikuja kuonekana katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller, Geneva, na kilirudishwa mwaka 2010 baada ya madai ya miaka mingi. Usalama hutokana na orodha sahihi, picha za kila kitu na watu wanaokijua kitu hicho. Mji peke yake hautoi dhamana hiyo.

Upo udhaifu wa tatu, nao hutajwa kwa sauti ya chini. Maonesho makubwa mara nyingi hulipiwa na wafadhili, na mfadhili huja na mada yake. Makumbusho yanaweza kuwa na kalenda iliyojaa na bado mada zikawa za mtu mwingine.

Msimamo wa pili: tuimarishe kwanza maonesho ya kudumu

Kundi hili linauliza: kwa nini tukimbilie mapya wakati maelezo ya vitu vya kudumu yamechakaa? Mwalimu wa shule anahitaji kujua kwamba akileta wanafunzi mwaka huu au mwakani, atakikuta alichokusudia kuwafundisha. Maonesho ya muda hutengenezewa mabango, maandishi na makabati, kisha yakifungwa vyote hutupwa au huozea stoo. Fedha hizo zingetosha kuandika upya maelezo ya ukumbi mzima kwa Kiswahili kizuri.

Hoja hii ina uzito hasa katika nchi yenye bajeti ndogo. Lakini maonesho ya kudumu yana maradhi yake. Huigandisha jamii katika sura moja: kabila hili hapa, nyumba yake ile, ngoma yake hii. Korogwe haiingii katika sura hiyo. Watoto wa manamba waliotoka Unyamwezi, Urundi au Msumbiji kuja kukata mkonge wamezaliwa na kuzeeka Magunga na Ngombezi, na historia yao haimo katika kabati lililoandikwa jina la kabila moja.

Handeni nayo haiingii. Huko Chogo wanaishi Wazigua ambao mababu zao walichukuliwa hadi Somalia katika njaa ya karne ya 19, wakatunza lugha yao kando ya Mto Juba, kisha wakarudi kama wakimbizi baada ya vita vya 1991. Wengi wao wamepewa uraia wa Tanzania. Tangu 2022 Msomera imepokea familia za Wamaasai kutoka Ngorongoro. Mambo yanayoendelea kubadilika namna hii yanahitaji maonesho yanayoweza kubadilika.

Msimamo wa tatu: maonesho yasafiri

Hoja ya kusafirisha ni ya haki na pia ya elimu. Aliyetoa kitu ana haki ya kukiona, na mara nyingi ndiye pekee anayeweza kukieleza. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Maelezo mengi yanayoning'inia kwenye kuta za makumbusho yaliandikwa bila kuwepo wenyewe, ndiyo maana hutaja ukubwa wa kitu, malighafi na jina la mkusanyaji, lakini hayataji wimbo. Uganda imeonesha kwamba maonesho yakifika kijijini hurudi yakiwa mazito kuliko yalivyoondoka, kwa sababu watu huyaongezea.

Ghana nayo imetoa funzo la kuzingatiwa. Mwaka 2024 vitu 32 vya Waashanti kutoka British Museum na Victoria and Albert Museum vilipelekwa kwa mkopo wa miaka mitatu. Havikuwekwa Accra, mji mkuu. Vilipelekwa moja kwa moja Kumasi, katika makumbusho ya kasri la Manhyia. Ubishi wa kama mkopo unatosha badala ya kurudisha moja kwa moja uko palepale, na ni ubishi halali. Lakini hoja kwamba vitu vya thamani lazima vikae mji mkuu ilipata jibu.

Udhaifu wa msimamo huu usifichwe. Udongo usiochomwa vizuri haupendi barabara. Kreti moja ikidondoshwa, kinyago kilichodumu miaka 80 huwa vumbi. Mti huathiriwa na unyevu wa masika na ukavu wa kiangazi. Kila safari inataka mhifadhi anayefuatana na vitu, bima, walinzi na mahali pa kulaza vitu, na gharama kwa kila mtazamaji inaweza kuwa kubwa kuliko ya Dar es Salaam. Hatari nyingine ni ya kisiasa: maonesho yakafika siku ya ziara ya kiongozi, yakapigwa picha, na kesho yake ukumbi ukawa tupu. Safari ya namna hiyo ni gharama ya bure.

Kuna njia ya katikati ambayo imejaribiwa. Tangu miaka ya 1990 Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kimekuwa na programu ya Siku ya Mtanzania, ambapo jamii mbalimbali huja na ngoma, vyakula na ufundi wao. Programu hiyo imewapa watu sauti. Hata hivyo inawaleta watu kwenye jengo. Inawafikia wachezaji waliochaguliwa, na jirani zao waliobaki kijijini hawaoni kitu.

Msimamo wa nne: vingine visioneshwe kabisa

Msimamo wa nne husahauliwa katika mijadala ya mjini. Vinyago vya unyago vilikuwa mafunzo ya ndani. Asiyepita hakupaswa kuviona, na nyimbo zake hazikuimbwa barazani. Kwa mtazamo huu, kuviweka mbele ya wanafunzi wa shule ya msingi, wavulana kwa wasichana, ni kuvunja mwiko mara ya pili, baada ya mkusanyaji kuuvunja mara ya kwanza. Wapo pia, katika wilaya zenye Waislamu wengi na misheni za siku nyingi, wanaoona kwamba vitu hivi ni vya enzi iliyopita na si vizuri kuvipamba.

Wasiwasi huu ni wa kusikilizwa, kwa kuwa unatoka kwa watu wanaovifahamu vitu hivi kuliko wataalamu. Udhaifu wake ni kwamba siri imekwisha kuchapishwa London, katika kitabu cha Cory, tangu 1956. Tukificha Handeni kilichoko wazi Ulaya, tutakuwa tumewanyima watoto wa wenye siri peke yao. Jibu la busara ni kuwaachia wenye mila wenyewe waamue: kipi kioneshwe kwa wote, kipi kwa wanawake au wanaume peke yao, kipi kibaki ghalani kikiwa na kumbukumbu tu.

Kuipima misimamo

Tukiweka misimamo minne pamoja, tunaona kwamba mgogoro wa mjini na kijijini, au wa kudumu na wa muda, haugusi kina cha jambo. Kinachoamua ni maswali matatu: kitu chenyewe kinastahimili nini, nani anakieleza, na maonesho yakifungwa kinabaki nini.

Kwa swali la kwanza, vinyago vya udongo na vitu vya mti visipewe hukumu moja. Vile vya Cory visisafiri. Ni dhaifu na havina mbadala kama nyaraka. Lakini kinyago kipya kilichofinyangwa Handeni, kwa udongo wa Handeni, na mtu anayeijua kazi hiyo, hakina upungufu wa heshima, kwani hata vya zamani vilifinyangwa upya kwa kila shughuli. Hapa nakala inafuata mila yenyewe. Mwana hiti na tunguri ni tofauti: mng'ao wa mti ulioshikwa na mikono kwa miaka hauigiki, na inafaa asili yake isafiri, japo kwa muda mfupi na hadi mahali penye ulinzi kama Tanga mjini, ambako jengo la zamani la Boma tayari lina makumbusho ya Urithi.

Kwa swali la pili, jamii ishirikishwe kabla maandishi hayajaandikwa. Kuwaalika wazee siku ya ufunguzi na kuwapa viti vya mbele ni adabu njema, lakini hakuongezi elimu. Afisa utamaduni wa halmashauri, makungwi, wafinyanzi, walimu na vijana wa Chogo wakikaa na mhifadhi mezani mwanzoni, mada yenyewe itabadilika. Huenda wakachagua mkonge badala ya jando. Huenda wakataka safari ya Somalia na kurudi. Hapo ndipo utofauti wa maonesho unapoanza kuwa wa kweli, kwa sababu chanzo cha mada kimekuwa kingine.

Kwa swali la tatu, kila maonesho yaache kitu: picha bora za vitu vyote vilivyotoka wilayani, nakala shuleni, sauti za nyimbo zilizorekodiwa kwa idhini ya waimbaji, kijitabu cha Kiswahili. Chuo cha ualimu cha Korogwe ni mahali pa wazi pa kuviweka, kwa maana mwalimu mmoja aliyejifunza humfikia mwanafunzi wa kijiji ambacho gari la makumbusho halitafika.

Mambo ya ratiba nayo yasidharauliwe. Maonesho ya Februari au Aprili yatawakuta watu shambani. Julai na Agosti, mavuno yakiwa yameingia, watu wana nafasi na barabara ni kavu. Siku ya gulio huleta watu wengi kuliko tangazo lolote la redio.

Haya yote yana bei, na bei yenyewe ni kwamba Dar es Salaam itafungua maonesho machache zaidi kwa mwaka. Kila mhifadhi anayekaa mwezi Handeni ni mhifadhi asiyekuwepo ukumbini Dar es Salaam. Ratiba itaonekana nyembamba katika ripoti, na mfadhili anayehesabu ufunguzi hatafurahi. Naona bei hiyo inastahili kulipwa. Maonesho machache yenye mkia mrefu hujenga taifa linalojijua, kuliko mengi yanayofutika pamoja na mabango yake.

Muhtasari

Maonesho ya muda yana sababu za msingi: nafasi ni ndogo, vitu vinahitaji kupumzika, na watu huvutwa na jipya. Kwa hiyo wanaotaka yafutwe wamekosea. Maonesho makubwa ya kuazima huleta ujuzi na ushirikiano, lakini hubaki mbali na wengi na hufuata mada za wanaolipa. Ya kudumu huwapa walimu uhakika, lakini hugandisha jamii zinazobadilika kama za Handeni na Korogwe. Yanayosafiri hutenda haki na huongeza maarifa, lakini ni ya gharama na huhatarisha vitu dhaifu. Wanaotaka vingine vifichwe wana haki ya kusikilizwa, mradi uamuzi uwe wa wenye mila.

Mchanganyiko unaofaa ni huu. Asili zilizo dhaifu zibaki ghalani na ziorodheshwe vizuri. Nakala zifinyangwe na wenye ujuzi huko huko zilikotoka. Asili zinazostahimili zifike walau Tanga. Mada zichaguliwe pamoja na wilaya husika, na kila mpango wa maonesho makubwa uwe na fungu la fedha la kuyafikisha kwa watu ambao vitu vyao vinaoneshwa, likiwa limetengwa tangu siku ya kwanza na si likitafutwa mwishoni. Makumbusho ya Taifa yanaweza kuanza na wilaya hizi mbili, kwa sababu ghala lake lina vitu vya wilaya hizo na barabara ya lami inafika. Tukitaka kujua kama maonesho yetu ni ya aina mbalimbali kweli, tuhesabu ni wilaya ngapi zimeshiriki kuyaandaa, kabla ya kuhesabu ni mangapi yamefunguliwa.